Mazoea ya Nyumbani: Kuusoma Upya Ushahidi wa Mke katika Utendi wa Mwana Kupona

Utangulizi

Utendi wa Mwana Kupona ni miongoni mwa tungo za Kiswahili zinazotajwa sana darasani na kusomwa kidogo. Mwalimu anapofundisha historia ya tenzi huutaja, hutoa mwaka wake, husema ni mawaidha ya mama kwa bintiye kuhusu kumtunza mume, kisha huendelea na mada nyingine. Mtahiniwa naye hubaki na moja kati ya majibu mawili. La kwanza ni kwamba utendi huu ni hazina ya maadili ambayo wasichana wa leo wameipoteza. La pili ni kwamba ni kielelezo cha taasubi za kiume, na kwamba mtunzi, ingawa ni mwanamke, amekuwa wakala wa kumdhalilisha mwanamke mwenzake. Majibu haya mawili yanapingana, lakini yanafanana kwa jambo moja: yote hutolewa kwa kuzingatia beti za maagizo peke yake.

Makala haya yanalenga kuzishughulikia beti chache ambazo majibu hayo huziruka. Ni zile ambazo Mwana Kupona anaacha kumwagiza bintiye na kuanza kumsimulia jinsi alivyoishi na baba yake. Hoja yangu ni kwamba beti hizo ndizo msingi wa utendi mzima, na kwamba anayezisoma kwanza, kisha akayarudia maagizo, atauona uzuri wa utendi huu na udhaifu wake pia. Nitaonyesha hayo kwa kuangalia lugha yake, kwa kuulinganisha na tungo nyingine mbili tatu, na kwa kurejelea darasa langu hapa Mwea, ambako swali la mwanafunzi mmoja lilinilazimisha kuusoma tena utendi niliodhani naujua.

Mtunzi, mume na wakati

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mwenyeji wa Pate, katika visiwa vya Lamu. Aliutunga utendi wake mwaka 1858, unaolingana na 1275 wa Kiislamu, kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Wakati huo alikuwa mgonjwa na alikuwa mjane. Hayo mawili hayapaswi kusahauliwa na msomaji. Utendi unaanza kwa mama mgonjwa kumwita mwanawe akae karibu, achukue wino na karatasi, aandike maneno ambayo mama anayo moyoni. Hali ya kuandikiwa inafanana na wasia. Anayezungumza hana hakika kwamba atapata nafasi nyingine ya kusema.

Mumewe aliitwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Katika vitabu vya historia jina lake hutajwa kwa sababu ya vita. Alikuwa mmoja wa viongozi wa pwani waliokataa utawala wa Seyyid Said wa Zanzibar, na Siyu ilijulikana kwa ukaidi wake dhidi ya majeshi ya Sultani huyo. Mtu akitaka kumjua Bwana Mataka kwa njia ya historia atapata habari za ngome, majahazi na uadui. Ajabu ni kwamba mkewe, alipopata nafasi ya kumkumbuka mbele ya binti yao, hakumkumbuka kwa ushujaa. Alikumbuka furaha na kicheko, na siku nyingi walizokaa pamoja bila kuvunjiana heshima.

Kwa upande wa fani, huu ni utenzi wa kawaida. Kila ubeti una mishororo minne mifupi yenye mizani minane. Mishororo mitatu ya kwanza ina vina vinavyofanana, na mshororo wa nne hubeba kina kinachorudiwa utendi mzima. Beti zake ni mia moja na ushei. Lahaja ni Kiamu, na hiyo ndiyo sababu moja ya wanafunzi wa bara kuuogopa. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, wakatumia kichwa kinachozungumzia wajibu wa mke. Naamini kichwa hicho kimechangia sana namna tunavyousoma. Mtu akishaambiwa kwamba kitabu ni cha wajibu wa mke, atatafuta wajibu na kuupata, na yaliyobaki atayapita.

Maagizo: yale tunayoyajua

Tuyapitie maagizo kwa kifupi. Baada ya dini na adabu njema, mama anamweleza bintiye kuhusu radhi tano anazohitaji mwanamke: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Kisha yanakuja maneno mazito. Siku ya hukumu mume ataulizwa, na atakalo ndilo litakalofanywa kwa mke wake. Akitaka aende peponi atapelekwa, akitaka aende motoni hana budi kwenda. Baada ya hapo tunaingia ndani ya nyumba. Mume atunzwe kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Akilala asiamshwe kwa makelele. Akiamka akute chakula kiko tayari. Akandwe, apepewe, aogeshwe, anyolewe vizuri, afukiziwe udi. Nyumba ifagiliwe, ipendeze. Mke naye ajipambe, avae vito vyake, asiache hina. Asitoke bila ruhusa.

Mna pia sehemu ambayo mwalimu mwaminifu hawezi kuificha. Mama anamwambia bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Maneno hayo yanatukumbusha kwamba nyumba inayosifiwa ilikuwa ya tabaka la juu, na kwamba kazi nyingi za nyumba hiyo zilifanywa na watu ambao hakuna aliyewatungia utendi. Mwanamke anayeambiwa ampepee mumewe si yule anayetwanga na kuchota maji.

Zingatia sarufi ya sehemu hii. Vitenzi vingi viko katika hali ya kuamuru au ya kukanusha amri. Mtendaji ni wewe, yaani binti. Mtendewa ni yeye, yaani mume, anayewakilishwa na kile kiambishi cha yambwa m. Mke hufanya, mume hufanyiwa. Mahali pamoja tu katika maagizo haya mama anatumia kauli ya kutendana kwa uzito, anapokataza wawili hao wasishindane kwa kuwa ushindani huleta maumivu. Mahali hapo panatupa dokezo kwamba mama anajua ndoa ina watu wawili, lakini dokezo hilo linapita upesi.

Ushahidi: yale tunayoyaruka

Sasa tuzitazame beti za ushahidi. Mama anabadilisha njeo. Anaacha amri na kuingia katika wakati uliopita. Anamwambia binti kwamba yeye na baba yake walioana kwa furaha, kwamba katika siku zote walizokaa hawakuondoleana heshima, kwamba hawakuteta hata siku moja, kwamba mume hakuona ubaya kutoka kwake na yeye hakuona ubaya kutoka kwa mume, mpaka mauti yalipowatenganisha. Ilipofika saa ya mwisho, mume alitamka radhi yake, akaikariri, akashukuru. Tangu siku hiyo hadi siku ya kutunga, mama anasema, hajanyamaza kulia kila anapokumbuka burudani yao na wingi wa mazoea.

Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa na mhakiki.

Kwanza, kauli ya vitenzi inabadilika. Maneno ya kuoana na kuondoleana heshima yako katika kauli ya kutendana. Yule yeye aliyekuwa akifanyiwa kila kitu katika maagizo sasa ameingia pamoja na mke katika sisi. Heshima inayotajwa hapa ni ya pande mbili, kwani huwezi kusema hatukuondoleana heshima ikiwa ni mmoja tu aliyekuwa akiitoa. Vilevile ule uwiano wa ubaya, kwamba hakuupata kwangu nami sikuupata kwake, umepimwa kama mizani. Mtunzi aliyetaka kusifu utiifu wa mke peke yake angeishia kwenye nusu ya kwanza. Yeye alikamilisha ya pili.

Pili, dhana ya radhi inabadilika. Katika maagizo, radhi ya mume ni kama deni ambalo mke analilipa kwa hofu maisha yake yote, na risiti yake ataipata akhera. Katika ushahidi, radhi ni maneno yaliyotamkwa na mtu anayekufa, akiyasema mbele ya mke wake ili moyo wa mke utulie. Tena aliyakariri. Kusema mara moja kungetosha kisheria, lakini aliyesema mara ya pili alikuwa anashukuru. Hapa ndipo tunapomwona Bwana Mataka akitenda jambo kwa mara ya kwanza katika utendi mzima. Anafungua kinywa na kumshukuru mkewe.

Tatu, ni uteuzi wa neno mazoea, au kwa Kiamu mazoweya. Leo neno hili limepungukiwa na heshima. Tunasema mazoea yana tabu. Tunawaonya vijana wasijenge mazoea na mtu. Mwana Kupona analitumia kwa maana yake ya asili: yale ambayo mtu ameyazoea kwa sababu yamerudiwa siku baada ya siku. Kinachomliza mjane huyu ni wingi wa siku za kawaida. Mhakiki akilishika neno hili, yale maagizo ya kupepea, kukanda na kuandaa chakula yanapata sura nyingine. Ni orodha ya mazoea ya nyumba moja ambayo mama aliipenda na kuipoteza. Anamwagiza bintiye yale ambayo yeye mwenyewe anatamani kuyafanya tena na hawezi.

Kwa hivyo, toni ya utendi huu haiwezi kuelezwa kwa neno moja. Katika maagizo kuna toni ya kushauri na ya kuonya; katika ushahidi kuna toni ya huzuni na ya shukrani. Mtahiniwa anayeandika kwamba toni ni ya kushauri pekee amesoma nusu.

Swali la mwanafunzi

Nilipokuwa nikiandaa somo hili kwa darasa la kidato cha tatu, niliyaeleza maagizo kwanza kama ilivyo desturi. Wavulana walifurahi, wengine wakapiga meza. Wasichana walinuna. Kisha nikaeleza zile beti za ushahidi, nikitarajia kwamba darasa litatulia. Msichana mmoja aliinua mkono, akauliza: "Mwalimu, huyo mama ametaja yote aliyomfanyia mzee. Mzee naye alimfanyia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutalijadili kipindi kijacho, jibu ambalo kila mwalimu analijua maana yake. Jioni niliusoma tena utendi kwa ajili ya swali hilo. Ukweli ni kwamba utendi hautoi orodha ya matendo ya mume kwa kadiri unavyotoa ya mke. Tunajua namna ya kumlaza Bwana Mataka na namna ya kumwamsha. Hatujui alipokuwa macho alifanya nini ili kicheko hicho kiwepo nyumbani. Tunaambiwa kwamba hakutenda ubaya, na kwamba mwisho alishukuru. Hilo ni zuri, lakini kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa maisha halitoshi, na swali lake lilikuwa la haki.

Hapa naona udhaifu halisi wa utendi, ambao ni tofauti na ule unaotajwa na wengi. Mwana Kupona alikuwa na mume mmoja mwema, kwa ushahidi wake mwenyewe. Kutokana na mume huyo alitunga kanuni ya waume wote, akampa binti ambaye mumewe hakujulikana angekuwa mtu wa namna gani. Maagizo yanafaa katika nyumba yenye heshima ya pande mbili. Yakihamishiwa katika nyumba isiyo na heshima hiyo, utiifu uleule unakuwa mtego.

Fasihi yetu inatupa mfano wa nyumba hiyo ya pili. Katika riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980 na kusomwa na watahiniwa wengi nchini Kenya, Bi Tamima ni mke mtiifu. Anakaa ndani, hatoki bila ruhusa, anamtii Bwana Maksuudi kama ambavyo Mwana Kupona angetaka. Malipo yake ni kipigo na talaka. Ukimpa Tamima utendi huu bila beti za ushahidi, umempa mnyororo. Ukimpa pamoja na beti hizo, angalau ana kipimo cha kuuliza: je, sisi tumeondoleana heshima au hatukuondoleana? Ndiyo maana nasema beti hizo haziwezi kurukwa. Ndizo sharti ambalo maagizo yote yanalitegemea, ingawa mtunzi mwenyewe hakulitaja kuwa sharti.

Mume naye alisema nini?

Mwanafunzi akiuliza mume alifanya nini, ni vyema tumwelekeze pia kwa waume walioandika. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, ni mfano wa karibu. Aliandika Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake, akimwachia mawaidha ya maisha kama Mwana Kupona alivyomwachia Mwana Hashima. Aliandika pia shairi la Amina, la kumlilia mkewe wa kwanza aliyefariki.

Ulinganisho huu una faida kwa mtahiniwa. Shaaban Robert aliyatenganisha mambo mawili ambayo Mwana Kupona aliyaunganisha. Mawaidha kwa binti yana utungo wake, na maombolezo ya ndoa yana utungo wake. Msomaji wa Hati anaweza kuyajadili mawaidha bila kuguswa na kilio cha mjane. Msomaji wa Mwana Kupona hawezi, kwani mjane anashuhudia katikati ya mawaidha yake. Katika utungo mmoja unapata kanuni na chozi, na chozi ndilo linaloipa kanuni nguvu.

Hata hivyo wawili hawa wanafanana kwa jambo moja linalosikitisha. Wote wawili tunawasikia wakishukuru baada ya mauti. Mjane anamshukuru marehemu mumewe mbele ya binti. Mume aliyefiwa anamshukuru marehemu mkewe mbele ya wasomaji. Aliyeshukuriwa hayupo kusikia. Kati ya watu hawa wote ni Bwana Mataka peke yake anayesimuliwa kuwa alimshukuru mwenzake akiwa hai, tena ilikuwa saa ya mwisho.

Tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ambayo watahiniwa wengi wameisoma, inalileta suala hili katika wakati wetu. Sara ni mgonjwa. Mumewe Yona aliwahi kuwa mwalimu, na pombe imeyaharibu mengi maishani mwake. Swali la nani apike na nani amhudumie mgonjwa linaingia jikoni, na swali la gharama ya matibabu linaingia katika nyumba ya binti yao Neema na mumewe Bunju. Maagizo ya Mwana Kupona yamegeuzwa: anayehitaji kukandwa na kuandaliwa chakula sasa ni mke. Kwa mwalimu, hii ni nafasi nzuri ya kufundisha ulinganisho. Mwulize mwanafunzi: ikiwa mke ndiye aliyelala kitandani, beti za kupepea na kulisha zinamhusu nani?

Kutoka Siyu hadi Mwea

Huenda msomaji akauliza Siyu ya mwaka 1858 ina uhusiano gani na mwanafunzi wa Mwea. Jibu lilitoka kwa wanafunzi wenyewe. Kipindi kilichofuata niliwaomba waandike ukurasa mmoja: taja jambo moja la kila siku ambalo mama yako angelilia kama baba hangekuwepo. Niliwaruhusu waliolelewa na mzazi mmoja, au na nyanya, wabadilishe watu.

Ili kuzielewa insha walizoandika, ni lazima kulijua eneo hili. Skimu ya mpunga ya Mwea ilianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa nguvu za watu waliokuwa kizuizini. Familia zilizopewa makazi zilipata mashamba ya ekari nne nne kwa kibali cha mpangaji, na mpangaji kwa kawaida alikuwa mume. Mpunga ulipelekwa kwa Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji, na malipo yalikwenda kwa mwenye kibali. Katika kitabu kuhusu Mwea kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris mwaka 1973, mna sura iliyoandikwa na Jane Hanger pamoja na Moris kuhusu wanawake na uchumi wa nyumba. Wanaonyesha kwamba mke alifanya kazi nyingi katika shamba la mpunga lakini akamtegemea mume kwa fedha, na wakati mwingine kwa chakula chenyewe, kwa kuwa ardhi ya kulima mahindi na maharagwe ilikuwa haba. Mfumo wa kuuza kwa Bodi pekee ulivunjika mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima walipoukataa, lakini swali la ni nani anayeshika pesa za mpunga halikuondoka pamoja nao.

Katika mazingira hayo, shukrani ya mke kwa mume si jambo jepesi. Mama aliyeinama kwenye maji tangu alfajiri akipandikiza miche anaweza kuambiwa ashukuru kwa kupewa sehemu ya kile alichokipanda mwenyewe. Mwalimu wa Mwea akifundisha maagizo ya Mwana Kupona bila kufikiri, atakuwa anamwongezea mama huyo mzigo mwingine na kuuita maadili.

Lakini insha zenyewe zilinishangaza. Hazikutaja pesa za mavuno. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba baba yake huamka kabla ya mama na kuwasha jiko, kwa sababu mama ana baridi ya mifupa kutokana na maji ya shambani. Mwingine aliandika kwamba baba humletea mama chai ya chupa kwenye tuta wakati wa kupandikiza, na kwamba hunywa wakiwa wamesimama, hawasemezani sana. Wa tatu alisema baba huenda kuwinga ndege zamu ya asubuhi ili mama apumzike, kisha hujifanya kwamba alipenda tu kutembea. Msichana aliyeuliza swali aliandika mistari minne pekee. Alisema baba yake hana mazoea yoyote ambayo mama angeyalilia, na kwamba angependa kuolewa na mtu mwenye mazoea.

Sijapata kusoma uhakiki wa Utendi wa Mwana Kupona unaofika mbali kuliko mistari hiyo minne. Alikuwa amelielewa neno, akaliona kuwa kipimo, na akalitumia kuipima nyumba yake.

Nikiri pia kwamba insha hizo zilinirudisha kwangu. Mimi ni mke na mama. Usiku ninapokuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, baba watoto huwalaza watoto, kisha huniwekea kikombe cha chai mezani bila kusema neno. Humjibu asante bila kuinua macho, asante ileile ninayompa utingo wa matatu anaponirudishia chenji. Nimehudhuria mazishi mengi hapa Kirinyaga, na katika kila kijitabu cha mazishi nimesoma maneno mazuri ya mke kwa mume au mume kwa mke, yamepigwa chapa, yana picha. Sina hakika mangapi kati ya hayo yaliwahi kusemwa jikoni. Usiku ule niliinua macho. Hakujua kwa nini namtazama, akauliza kama chai haina sukari.

Kwa mwalimu na mtahiniwa

Kutokana na mjadala huu, napendekeza yafuatayo.

Kwanza, mwalimu aanze na hali ya nafsineni: mgonjwa, mjane, mama. Akianza na radhi tano na moto wa akhera, darasa litagawanyika kwa jinsia kabla ya kusikia kilichobaki.

Pili, afundishe beti za ushahidi kwa ukamilifu, tena kwa Kiamu chake, na awaonyeshe wanafunzi namna kauli ya kutendana inavyobeba maudhui. Ni mfano mzuri wa fani kuihudumia dhamira, na si kila siku tunaupata ulio wazi namna hii.

Tatu, mtahiniwa anayeulizwa kuhusu nafasi ya mwanamke katika utendi huu asichague upande kwa haraka. Aonyeshe kwamba maagizo yanamweka mke chini ya mume, hata katika mambo ya akhera. Aonyeshe pia kwamba ushahidi unaleta picha ya heshima ya pande mbili. Kisha atoe uamuzi wake, akieleza kwamba mtunzi alichukua ndoa yake njema na kuifanya kanuni ya wote.

Nne, suala la watumwa lisifichwe. Mwanafunzi anayeweza kuona nani anasifiwa nyumbani aweze pia kuona nani hatajwi ila kama mfanyakazi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Utendi wa Mwana Kupona haujakamilika ukisomwa kama kitabu cha wajibu wa mke. Katika beti chache za katikati mna mke anayemshukuru mumewe, na anachoshukuru ni mazoea: kicheko, heshima ya kutendeana, siku zisizo na ugomvi, na neno la radhi lililotamkwa kwa sauti. Kasoro ya utendi ni kwamba unamfundisha binti namna ya kutenda bila kumfundisha namna ya kutambua kama anatendewa. Swali la mwanafunzi wangu linaijaza nafasi hiyo, na kila mwalimu anaweza kuliuliza darasani kwake. Mzee naye alimfanyia nini? Palipo na jibu, mke ana la kushukuru. Pasipo na jibu, tusimfundishe msichana kunyamaza na kuita kimya hicho shukrani.

Maswali ya kujadili

1. Eleza namna mabadiliko ya nafsi na kauli za vitenzi yanavyobadilisha maudhui kati ya beti za maagizo na beti za ushahidi.

2. "Mwana Kupona alitunga sheria kutokana na ndoa moja." Jadili ukirejelea utendi huu na riwaya ya Utengano.

3. Linganisha namna Mwana Kupona na Shaaban Robert wanavyoyashughulikia mawaidha kwa binti na maombolezo ya ndoa.

4. Andika beti tano za utenzi ambapo mume anamshukuru mkewe aliye hai kwa jambo moja la kila siku. Zingatia mizani na vina.